Shajara ya mradi: kioo cha mnada kisomeke hata na aliyekaa chini

9 Juni

Dalali wa mnada wa samaki pale Deep Sea, Tanga, amenipigia simu kabla ya saa moja asubuhi. "Fundi, kioo chako kinasema mawili. Njoo ukione mwenyewe."

Kioo hicho nilikifunga mwezi wa pili. Ni monita ya kawaida ya inchi 19 iliyounganishwa na mizani, inaonyesha kilo na bei iliyofikiwa. Nilikining'iniza chini ya paa, katikati yake iko mita mbili na nusu kutoka sakafuni, kisirukiwe na maji ya samaki na kila mnunuzi akione. Nilipofika nikasimama pale ninaposimama siku zote, kama mita tatu mbele. Namba zilisomeka sawasawa. Nikadhani dalali amekosea.

Mbele kabisa ya mizani hukaa bibi mmoja anayenunua ngisi na pweza wa kukaanga. Ana kigoda chake na beseni lake, na mahali pake hapabadiliki.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hebu kaa hapa nilipokaa mimi, kisha uniambie unaona nini."

Nikachuchumaa. Namba hazikuwepo. Kijivu nilichokiweka nyuma ya namba kilikuwa kimegeuka kahawia nzito kama chai ya rangi, na buluu iliyokoza ya namba imezama humo humo. Mstari mweusi wa pembeni ndio uliokuwa unang'aa. Ilikuwa kama kushika negativu ya picha za zamani.

"Tangu ukifunge sijasoma kitu," akasema. "Nasikiliza wanavyosema."

Nimerudi nyumbani na neno hilo. Aliyesimama anajua kilo kwa macho yake, aliyekaa anaambiwa. Kioo kile kiliwekwa ili pasiwe na wa kuambiwa.

10 Juni

Nimepima kwa kamba na kipima pembe cha shule. Macho ya bibi akiwa kigodani yako karibu sentimita 80 kutoka chini, na kutoka kwake hadi chini ya kioo ni mita 1.2. Maana yake anakitazama kwa pembe ya nyuzi 55 kutoka chini. Mimi nikisimama, pembe yangu ni nyuzi 17. Ndiyo sababu sikuona kitu siku ya kufunga. Nilijaribu kioo nikiwa nimesimama, nikaondoka.

Karakana ninayo Ngamiani, na nimekileta kioo huku. Pale mnadani nimeacha ubao na chaki kwa muda.

11 Juni

Mwanagenzi wangu ameniuliza kwa nini kioo kiwe na upande mzuri na upande mbaya, wakati dirisha halina. Naandika hapa jinsi nilivyomweleza, kwa sababu bila kuelewa hili tutakuwa tunabahatisha.

Taa ya nyuma inatoa nuru inayotikisika kila upande. Karatasi ya kwanza ya polaraiza inapitisha mtikisiko wa mwelekeo mmoja tu. Karatasi ya pili, ya mbele, imelazwa kwa mwelekeo unaokingamana na ule wa kwanza, na hizo mbili zikiachwa peke yake hakuna kinachopita. Baina yake kuna vioo viwili vyenye mwanya wa mikromita 4 au 5 hivi, mwembamba kuliko unywele mara nyingi. Mwanya huo umejazwa fuwele kioevu, kimiminika chenye molekuli za umbo la vijiti zinazopenda kulala kwa mpangilio. Nyuso za ndani za vioo zimesuguliwa kwa kitambaa, kila uso kwa mwelekeo wake, kwa hiyo safu ya vijiti inajisokota nyuzi 90 kutoka kioo kimoja hadi kingine. Nuru inaufuata msokoto huo na kutoka mbele. Ukitia umeme vijiti vinasimama, msokoto unavunjika, nuru inakwama, pikseli inakuwa nyeusi. Ukitia umeme wa kiasi vijiti vinainama tu, na kijivu hupatikana hapo. Huu ndio mtindo wa TN (kifupi cha twisted nematic, yaani fuwele kioevu iliyosokotwa), kazi ya Martin Schadt na Wolfgang Helfrich walipokuwa Hoffmann-La Roche, Uswisi, mwaka 1970.

Tatizo ni kwamba vijiti vikiinama, katikati ya mwanya vyote vinainama upande mmoja. Nikampeleka kijana kwa mawazo hadi bandarini. Mlingoti wa jahazi hausimami wima, umeinamia mbele. Ukiwa juu ya gati upande wa omo, yaani mbele ya chombo, ncha inakuelekea wewe na mlingoti unauona umefupika. Ukiwa kimo hicho hicho upande wa tezi, yaani nyuma, unauona mrefu. Mlingoti ni mmoja, waliobadilika ni watazamaji.

Kwa nuru, kijiti kinachoonekana kirefu kina nguvu ya kuugeuza mtikisiko wake, na kijiti kinachotazamwa nchani hakina nguvu hata kidogo. Bibi akiwa kigodani anavitazama vijiti vya kijivu karibu kabisa na ncha. Havigeuzi kitu, nuru inakwama kwenye polaraiza ya mbele, kijivu kinakuwa cheusi. Vijiti vya rangi nyeusi, ambavyo vimesimama wima kuelekea usoni pa kioo, yeye anaviona kwa ubavu, na kwa ubavu vinapitisha nuru. Cheusi kinang'aa. Kwa hiyo kioo hakikuharibika; kimemwonyesha kwa uaminifu kile vijiti vinavyofanya vikitazamwa kutoka kule.

Kijana akaniambia, "Basi, fundi, tumgeuzie tezi." Sikumjibu papo hapo, lakini nimeandika.

12 Juni

Ninayo monita ya pili ya aina ile ile, namba ya paneli nyuma ni ile ile. Nimeziweka sambamba zikiwa na picha moja ya ngazi za kijivu kutoka nyeupe hadi nyeusi. Nimefunga kamera ya simu isijirekebishe mwanga, na kipima pembe nimekitundikia nati kwa uzi.

Ya mnadani: nikishuka nyuzi 15 kijivu cha chini kinaanza kuchanganyika, nikifika 30 mpangilio umeshageuka. Ya karakana: nyuzi 30 bado kila ngazi iko mahali pake, rangi imefifia tu, na kugeuka kunakuja baadaye sana.

Kiwanda kimoja, paneli moja. Nimekaa nazo hadi adhuhuri nikibadilisha waya na kurekebisha mwanga, hakuna kilichosaidia.

Jibu limekuja nilipochukua daftari la kazi za zamani. Monita ya mnadani niliinunua ikiwa mbovu. Ilikuwa na madoa ya mawimbi usoni na ilitoa harufu ya siki. Hewa ya Tanga haiionei huruma polaraiza. Moyo wa karatasi ile ni plastiki ya PVA iliyovutwa na kutiwa iodini, ufundi wa Edwin Land wa Marekani wa miaka ya 1930, na pande zake mbili hufunikwa na triasetili selulosi, ndugu wa filamu za picha. Joto na unyevu vikikaa nayo muda mrefu, ile selulosi inaachia asidi ya siki, na asidi hiyo inazidi kuila. Mimi nikaibandua polaraiza ya mbele nikabandika mpya ya kawaida. Picha ilirudi safi kabisa. Nikaandika kwenye daftari: imepona.

Sasa naona nilichokitupa pamoja na ile karatasi iliyooza.

13 Juni

Siku ya filamu. Nitaandika kirefu kidogo.

Polaraiza nyingi za kiwandani za vioo vya TN vya kompyuta hazikuwa karatasi tupu. Upande wa ndani, ule unaogusa kioo, kuna tabaka jembamba lenye kazi moja tu: kurekebisha kile ambacho vijiti vinaharibu nuru ikipita kwa mshazari. Ndani ya tabaka hilo kuna molekuli za umbo la visahani, ambazo fuwele kioevu yake iligunduliwa na Sivaramakrishna Chandrasekhar na wenzake Bangalore, India, mwaka 1977. Fujifilm ya Japani ilizifanya filamu ya pembe pana katikati ya miaka ya 1990.

Hesabu yake inanifurahisha kila ninapoifikiria. Kijiti ni kirefu kwenye mhimili wake. Kisahani ni kifupi kwenye mhimili wake. Nuru ikipita kwa mshazari kwenye vijiti vilivyosimama, inachelewa upande mmoja; ikipita kwenye visahani vilivyoelekezwa vivyo hivyo, inachelewa upande wa pili kwa kiasi kile kile, na deni linalipwa. Lakini vijiti vyote havisimami. Vilivyo karibu na uso wa kioo vimeng'ang'ania uso huo, vinalala hata umeme ukiwa mwingi, kisha vinainuka kidogo kidogo kuelekea katikati. Kwa hiyo na visahani vya filamu havikulazwa sare. Vinaanza na mwinamo mdogo upande mmoja wa tabaka na kuzidi kuinama hadi upande wa pili, kila tabaka la visahani likiwa na tabaka lake la vijiti vya kusawazisha. Na kwa kuwa kioo kina nyuso mbili, filamu ni mbili, moja nyuma na moja mbele.

Ya nyuma ipo bado. Ya mbele niliibandua mimi. Kioo cha mnadani kimekuwa kikitembea na mguu mmoja.

Nimehakikisha kwa jaribio rahisi ambalo fundi yeyote anaweza kulifanya. Chukua kipande cha polaraiza unayoishuku, na kipande kingine unachokijua kuwa ni cha kawaida. Vikingamanishe juu ya taa mpaka pawe giza. Kisha uinamishe vyote pamoja huku na huku. Kama upande wenye gundi wa kipande cha kwanza unakielekea kipande cha pili na ndani yake kuna filamu ya visahani, nuru itavuja ukiinamisha, na haitavuja sawa pande zote. Sasa kigeuze kipande hicho, gundi itazame nje, ukikingamanishe upya. Filamu imetoka katikati ya polaraiza mbili, haina kazi tena, na giza linakaa. Karatasi niliyoibandika mimi mwezi wa pili imekaa giza kwa nyuso zote mbili, isipokuwa mvujo hafifu kwenye pembe za mshazari ambao polaraiza zozote mbili zilizokingamana huwa nao. Ni tupu.

16 Juni

Nimeagiza Dar es Salaam karatasi ya inchi 19 yenye filamu ya pembe pana. Muuzaji amesema anayo.

18 Juni

Karatasi imefika na basi, nimeichukua Kange. Nimeifanyia jaribio la juzi kabla hata ya kuivua plastiki yote. Tupu. Nimempigia, akasema polaraiza ni polaraiza. Siyo. Nimeirudisha.

Mwanagenzi ameuliza kwa nini tusinunue kioo cha IPS, ambacho vijiti vyake havisimami bali vinazunguka vikiwa vimelala sambamba na kioo. Hitachi walikitoa sokoni mwaka 1996. Ni swali la haki na kwa kazi mpya nitashauri hivyo. Lakini kioo hiki kilinunuliwa kwa mchango wa wachuuzi, bibi wa ngisi akiwemo, na mimi ndiye niliyekipunguza. Nitakirudisha kilivyokuwa.

20 Juni

Fundi mwenzangu wa Chumbageni amenipa paneli mbili za inchi 19 zilizopasuka kioo, za aina hii hii. Polaraiza zake hazinuki siki na hazina mawimbi. Jaribio limeonyesha filamu ipo.

Ya kwanza nimeipoteza. Nilivuta kwa kuinua juu, karatasi ikajikunja, ikapata mstari mweupe katikati usiofutika. Mstari ule ni mahali ambapo karatasi ilijikunja. Nimejifunza kwa hasara.

21 Juni

Ya pili nimeipasha kwa mashine ya kukaushia nywele, kwa mbali, mpaka kiganja kinahisi joto bila kuungua. Nimeanzia kona, kisha nikaivuta kuirudisha nyuma juu ya mgongo wake, sambamba na kioo, si kwenda juu. Polepole mno, dakika arobaini kwa karatasi moja. Gundi nyingi imebaki kwenye karatasi yenyewe, jambo nililoliomba. Kijana alikuwa anashika kioo na hakusema neno muda wote.

Kabla ya kubandika, tumefanya jambo ambalo ningependa kila anayebadilisha polaraiza alijue. Mhimili wa polaraiza una mwelekeo lakini hauna kichwa wala mkia: ukiizungusha karatasi nyuzi 180, kwa mtu aliye mbele picha ni ile ile, nyeusi ni nyeusi, nyeupe ni nyeupe. Filamu ya visahani ina kichwa na mkia. Ikizungushwa nyuzi 180, visahani vinainama kinyume na vijiti vyake, na badala ya kulipa deni vinaliongeza. Nimeishikilia karatasi mbele ya kioo bila kuibandika, nikaangalia kutoka chini, nikaizungusha, nikaangalia tena. Tofauti ilikuwa kubwa kiasi kwamba kijana aliita "Hapo!" kabla yangu. Tumeikata kona ndogo ya juu kushoto iwe alama.

22 Juni

Imebandikwa. Milango imefungwa, sakafu imemwagiwa maji kutuliza vumbi, feni imezimwa. Maji sikuyatumia kwenye kioo kama tunavyofanya na karatasi za kulinda simu, kwa sababu PVA haipatani na maji. Nimeikandamiza kwa kadi iliyofungwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda pembeni. Imebaki mapovu matatu kwenye kona ya chini kulia, mahali gundi iliponyofoka. Namba hazifiki pale.

Vipimo: nyuzi 30 kutoka chini, ngazi zote ziko mahali pake. Sawa na monita ya karakana, au ndani ya kosa la kipimo changu.

Lakini bibi yuko nyuzi 55, na huko hata kioo kizima cha TN kinashindwa. Kwenye makaratasi ya watengenezaji utakuta pembe ya juu na chini ni nyuzi 160. Namba hiyo inahesabu mahali ambapo nyeupe bado inaizidi nyeusi mara 10, pengine mara 5, basi. Haiulizi kama kijivu kimebaki baina yake, wala kama rangi ni zile zile. Kwa mtu anayenunua kioo cha kutundika juu, namba ile haimsaidii.

Kwa hiyo tunarudi kwenye neno la mwanagenzi.

24 Juni

Tumemgeuzia bibi tezi. Kioo tumekipindua, juu imekuwa chini, na picha tumeipindua kwenye programu isomeke. Sasa upande unaogeuza rangi unatazama mabati, na upande unaotazama watu ni ule ambao kwake vijiti vya kijivu vinaonekana virefu. Upande huo una kasoro yake: picha inapauka. Mpangilio wa rangi haupinduki, na kwa namba hilo ndilo muhimu.

Kisha nimetengeneza mkono wa chuma unaokiinamisha kioo mbele nyuzi 30. Pembe ya bibi imeshuka kutoka 55 hadi 25. Aliyesimama mita tatu, aliyekuwa 17 kutoka chini, sasa anakitazama kwa nyuzi 13 kutoka juu, yaani amehamia upande mwingine kabisa wa kioo, upande wa kugeuka. Hapa nimesita sana. Nimejaribu mwinamo wa 20 na wa 25 pia. Nimerudi kwenye 30, kwa sababu kwenye nyuzi 13 filamu mpya inashika vizuri na namba hazibadiliki hata kidogo.

Na rangi nimebadilisha. Buluu juu ya kijivu ilikuwa chaguo langu, niliiona inapendeza. Rangi za katikati ndizo za kwanza kugeuka. Sasa namba ni nyeupe kamili juu ya nyeusi kamili, nene, urefu wa kiganja. Hakuna kijivu popote.

26 Juni

Kimefungwa kabla ya alfajiri, mashua hazijafika. Nimekaa kwenye kigoda, nimesimama, nimekwenda pembeni penye matenga, nimepanda ngazi. Nyeusi imepauka kidogo ukiwa ubavuni kabisa. Namba inasomeka kote.

Ngisi wa kwanza wamepimwa saa kumi na mbili na nusu. Dalali alikuwa bado anafuta mikono. Bibi, bila kuinuka, akasema, "Kilo kumi na nne na nusu." Dalali akageuka kutazama kioo, akarudia namba ile ile kwa sauti, mnada ukaanza.

4 Julai

Nimepita kukagua. Mapovu matatu hayajakua. Kimo cha kioo kiko karibu na mabati na mchana kuna joto kali, kwa hiyo nimeweka ubao wa plaiwudi baina yake na paa, wenye nafasi ya hewa ya vidole vinne. Nimenusa kona zote za karatasi. Hakuna siki. Ukaguzi unaofuata ni baada ya vuli.